Kapu la Krismasi Lililopita Mlangoni Kwangu

Bwana asifiwe! Hapana, ndugu zangu, hiyo amina ni ya watu waliolala na njaa. Najua. Hata mimi nimelala nayo mara nyingi, na koo la mwenye njaa halitoi sauti. Lakini jikazeni kidogo mnijibu tena, maana leo sikusimama kusalimu tu. Bwana asifiwe! Haya. Asanteni. Kaeni.

Mimi ni Yunia Candiru, binti wa hapa hapa Dadamu. Wengine mnanikumbuka nikichota maji hapo chini mtoni kabla sijaolewa Koboko. Nimerudi mwaka huu na mtoto mmoja na kifurushi cha nguo, na mmeniuliza, wengine kwa upole na wengine bila upole, mume wangu yuko wapi na mtoto wangu wa pili yuko wapi. Nimekuwa nikijibu nusu nusu. Lakini mchungaji ametangaza kwamba kapu la Krismasi linatoka leo, na mimi siwezi kuliona likipita mbele ya macho yangu nikanyamaza. Nitasema yote. Anayeogopa kusikia mambo ya wanajeshi, mlango uko wazi, atoke, sitamlaumu.

Ndugu zangu, kule Koboko kanisa letu lilikuwa dogo, kuta za udongo, watu wa kila kabila. Desturi ya kapu, kama hii mliyo nayo hapa, ilianza wakati watu wa Sudani wanakimbia vita yao na kuingia kwetu bila kitu. Akina mama walichukua kapu wiki ile ya kuelekea Krismasi, wakapita nyumba kwa nyumba wakiimba, na kila nyumba ikatoa ilichonacho: unga wa muhogo, mtama, maharage, samaki wakavu wa kutoka Nile, simsim kidogo. Halafu wakageuka na kwenda kwa wenye njaa. Vita ya Sudani iliisha, watu wakarudi kwao, lakini kapu likabaki, maana njaa haikurudi nao.

Kapu lilikuwa na kanuni zake, na nataka mzishike vizuri, kwa sababu ndizo zilizokaribia kunimaliza. Ya kwanza, mbeba kapu hasemi nani ni maskini. Anafika mlangoni, anapiga hodi, anangoja. Mwenye nyumba mwenyewe ndiye anayesema kwa kinywa chake, "Nyumba hii haina kitu." Asiposema, kapu linapita. Wazee waliona hivyo ni bora kuliko watu kunyoosheana vidole. Ya pili, kapu halisimami mlangoni kwa anayelibeba. Hata kidogo! Mbeba kapu hali kutoka ndani yake, hata punje. Na kwa sababu hiyo wabeba kapu walichaguliwa kutoka nyumba zilizojulikana kuwa na chakula. Ilikuwa heshima. Ukichaguliwa, watu wanajua kwako sufuria inachemka.

Mimi nilichaguliwa kwa sababu ya mume wangu, Elisa. Alikuwa dereva wa lori la tumbaku, kati ya Koboko na Arua, na dereva wakati ule wa serikali ya wanajeshi, nani asiyejua, alikuwa mtu mkubwa. Sukari ilipotea, chumvi ikapotea, sabuni ikapotea, lakini dereva alikuwa hakosi. Mzee Filipo, aliyekuwa mzee wa kanisa letu, alitaja jina langu mapema, mvua zikiwa bado zinanyesha, na mimi nikafurahi. Nilishona hata kitambaa kipya cha kichwa.

Basi Elisa akaenda Arua na lori, kama siku zote. Hakurudi.

Habari ililetwa na mama mmoja muuza nyanya aliyekuwa stendi ya magari. Wanajeshi walimsimamisha, yule mama akasema, wakamwambia anatakiwa aandike maelezo kidogo tu, wakamtia nyuma ya gari lao. Lori likabaki barabarani milango wazi. Wengine walisema amevusha watu kwenda Kongo, wengine walisema amevusha mafuta ya gari. Mimi sijui mpaka leo. Elisa hakuwa mtu wa kuniambia mambo ya barabarani.

Nilikwenda Arua. Nilimfunga Natana mgongoni, alikuwa bado ananyonya, nikamwacha Lea, dada yake, kanisani kwa akina mama. Nikasimama kwenye geti la kambi ya jeshi pamoja na wanawake wengine, kila mmoja ameshika kifurushi cha chakula cha mtu wake. Ndugu zangu, tulisimama pale juani na hakuna aliyemwuliza mwenzake umekuja kwa nani. Nilipofikiwa, askari akasema, "Hapa hapana iko mutu ya jina hii." Nikataja tena. Askari wa pili, mtu mzima, akanisogeza pembeni na kuniambia kwa sauti ya chini, "Mama, hapana uliza tena. Ukiuliza tena, na wewe watu watauliza habari yako. Rudi, lea watoto."

Nikarudi. Na nilipofika Koboko nikafanya walivyofanya wake wote wa watu waliochukuliwa. Nilisema Elisa amekwenda Kongo kutafuta kazi. Mnajua kwa nini! Nyumba ambayo mtu wake amechukuliwa ilikuwa na ukoma. Watu waliacha kukaa nayo kwenye benchi. Shemeji zangu wenyewe kule Manibe walinitumia salamu kwamba nisije kwanza, wakati si mzuri. Sokoni walinisalimu haraka haraka na kutazama nyuma yao. Kwa hiyo nilitabasamu na kusema Kongo, Kongo, Kongo, na nilikuwa nafunga kitambaa changu kipya ili waone hakuna kilichoharibika.

Na chakula kikaisha. Dereva halimi, ndugu zangu, ananunua, na mke wa dereva alikuwa na kipande cha muhogo nyuma ya nyumba cha kujifurahisha tu. Tulikichimba chote. Tukachemsha majani. Niliuza sufuria kubwa, nikauza blanketi. Maziwa yangu yakapungua. Natana alikuwa ananyonya, anaacha, analia, ananyonya tena, halafu akaacha kulia, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa kwelikweli.

Wiki ya kapu ikafika. Mtaniuliza, Yunia, kwa nini hukukataa? Ningekataaje? Mbeba kapu akikataa, watu watasema kwake kuna nini. Watasema kumbe si Kongo! Basi nikajitwisha kapu. Mwaka ule hatukuimba, mikutano ilikuwa inatazamwa vibaya, tulipita kimya kila mtu na njia yake. Nilipiga hodi, watu wakanipa. Walitoa vikonzi vidogo, wengine kwa kujinyima, lakini walitoa. Wakanishukuru mimi! Wakasema, "Mungu akubariki, Mama Lea, wewe ambaye hukosi unatukumbuka." Nami nikaitikia amina, nikaenda mlango wa pili.

Jioni nikalileta kapu nyumbani, maana kapu lililala kwa mbebaji mpaka lijae. Nikaliweka kwenye kona. Samaki wale wakavu, ee Bwana, harufu yao! Lea akaenda akachuchumaa mbele ya kapu, hakugusa, nilikuwa nimemlea vizuri. Akaniuliza, "Mama, hii ya nani?" Nikasema ni ya wenye njaa. Akafikiri. Akasema, "Sisi si wenye njaa?"

Nilimwambia anyamaze. Nikaligeuzia kapu mgongo.

Msidhani sikujaribiwa. Niliingiza mkono kwenye unga mpaka kwenye kifundo. Nikaukumbuka mkono wa kila mama aliyetoa unga ule, nikautoa wangu, nikaukung'uta ndani ya kapu hata vumbi lisibaki kwenye kucha. Nilidhani huko ndiko kumcha Mungu. Niliona Mungu ananitazama niwe mwaminifu, basi nitakuwa mwaminifu, na yeye ataleta njia. Nilimwomba alete njia, na wakati wote huo kinywa changu kilikuwa kimefungwa kwa watu wote.

Natana akafa asubuhi, mikononi mwangu, bila kelele yoyote.

Nawaomba mnivumilie. Sijawahi kulisema hili mbele ya watu.

Tulimzika siku hiyo hiyo nyuma ya nyumba. Mzee Filipo aliomba, akasema homa imechukua watoto wengi mwaka huu. Homa! Na mimi nikatikisa kichwa kwamba ndiyo, ilikuwa homa. Watu wachache walikuja na hawakukaa, kwa sababu watu wakikaa pamoja wanajeshi wanauliza. Kapu lilikuwa pale pale kwenye kona limejaa, nimelifunika na kanga. Mmoja wa akina mama wa kanisa alinifariji hivi, akasema afadhali wewe huna shida ya chakula.

Ndugu zangu, sasa nitamtaja mtu, na najua baadhi yenu mtakunja uso. Kunjeni tu, lakini msikilize.

Nyuma ya ua wangu alikaa mama Mnubi, Mwislamu, tulimwita Mama Hawa. Alikuwa mjane, anasuka vikapu na vile vifuniko vya rangi vya chakula. Mtoto wake wa kiume alikuwa jeshini Kampala. Kwa hiyo tangu Elisa achukuliwe nilikuwa nimeacha kumsalimu. Nikimsikia anakohoa upande wa pili wa ua, naingia ndani. Niliona wao ndio hao hao waliomchukua.

Kesho yake baada ya mazishi alikuja. Hakungoja karibu. Alikuja na ndoo ya maji na kuni kichwani, kama wanavyofanya kwenye msiba, ili anichemshie maji ya kuoga. Akaenda moja kwa moja jikoni. Halafu nikasikia anaita, "Yunia! Jiko hii iliona moto lini?"

Akatoka ameshika chungu changu. Ndani ya mdomo wa chungu buibui amejenga. Akanionyesha, akamtazama Lea amelala kwenye mkeka na midomo mikavu, akaingia ndani bila ruhusa, akafunua kanga.

Yule mama alipiga kelele! "Chakula yote hii iko hapa! Na mutoto nakufa? Yunia, wewe iko na kichwa? Mungu yenu iko namna gani?"

Nikamweleza. Kwa mara ya kwanza nilizieleza zile kanuni kwa mtu wa nje, na zilipokuwa zinatoka kinywani mwangu nikaona aibu, lakini nikazishikilia. Nikamwambia kapu halisimami kwa mbebaji. Nikamwambia nimeapa mbele ya madhabahu. Nikamwambia mtoto wangu mmoja amekufa kwa ajili ya kanuni hiyo, nikiivunja leo, yule amekufa bure. Hapo nikaanza kulia, nikalia vibaya.

Nilidhani atanicheka, au atachota tu unga kwa nguvu. Hakufanya hivyo. Alikaa chini sakafuni, akafikiri. Akasema, "Mambo ya sadaka hapana cheza nayo. Hiyo ni kweli." Halafu akanyanyuka, akajikaza nguo kiunoni, akaniambia, "Kanuni nasema mutu anayebeba. Basi, wewe hapana beba tena. Leo mimi nabeba."

Na akalitwaa. Mama mzima yule, magoti yake yanamuuma, alilinyanyua kapu la Krismasi la kanisa akalitia kichwani mwake. Akatoka nje, akazunguka ua, akaenda mpaka barabarani, mchana kweupe, watu wanapita kwenda sokoni. Mnubi na kapu la Wakristo! Wakasimama. Kisha akageuka akarudi kwa njia ya mbele, taratibu, kama mgeni, akasimama mlangoni kwangu akasema, "Bismillahi. Hodi!"

Nikasimama ndani. Yeye nje.

"Hodi," akasema tena. "Sema, Yunia. Nyinyi nasemaga nini hapa? Mimi hapana jua, wewe sema."

Ndugu zangu, nilijua la kusema. Nilikuwa nimelisikia kwa watu wengine miaka yote. Lakini watu walikuwa barabarani! Nikilisema neno lile, Kongo imeisha. Nikilisema, nimesema mume wangu amechukuliwa na hatarudi. Nitakuwa mwenye ukoma mbele ya Koboko nzima, na pengine gari litakuja kwangu pia. Nikamtazama Lea. Alikuwa amefungua macho, ananitazama mimi, siyo kapu. Alikuwa anangoja kuona mama yake atafanya nini.

Nikafungua kinywa. "Nyumba hii haina kitu," nikasema. Sauti ikatoka ndogo. Nikasema tena kwa nguvu. Halafu sikuweza kujizuia, yakatoka yote, barabara nzima ikasikia: "Haina unga! Haina mume, wamemchukua Arua na hawajamrudisha! Haina Natana, ameuawa na njaa, si homa! Nyumba hii haina kitu!"

Hakuna aliyekimbia, ndugu zangu! Nilidhani ardhi itapasuka, na haikupasuka. Barabarani mama mmoja aliweka mzigo wake chini akaanza kulia. Mama Hawa aliinama, akachota kwa mikono miwili, unga, maharage, samaki, akaniwekea kwenye kitambaa changu kile kipya cha kichwa. Akasema, "Pika uji mwepesi kwanza. Mutoto asile haraka, tumbo yake itakataa." Akawasha moto yeye mwenyewe kwa zile kuni zake. Lea alikunywa kijiko, akapumzika, akanywa kijiko.

Hapo ndipo Bwana aliponifungua. Mimi nilimngoja Bwana aje kwa njia ya kanisa, akaja kwa njia ya ua wa nyuma, kwa mama asiyejua hata wimbo wetu mmoja. Asifiwe! Aliniokoa na njaa, ndiyo, lakini aliniokoa kwanza na ile hofu iliyonifunga kinywa. Ile hofu ndiyo iliyomuua Natana. Nalisema hivyo hivyo. Siku ile nilianza kulala usingizi.

Msiniulize kama mwisho ulikuwa mzuri. Elisa hakurudi. Mzee Filipo hakufurahi, alisema nimeacha kitu cha Bwana kikabebwa na mtu asiyebatizwa, na akampa mama mwingine njia yangu. Baadaye akina mama wawili waliokuwa wanabeba kapu pamoja nami walinijia kwa siri, kila mmoja kwa wakati wake, wakaniambia, "Hata kwangu, Yunia. Hata kwangu." Mmoja wao alikuwa amezika pia.

Na Mama Hawa? Mwaka huu vita ya kuiondoa serikali ile ya wanajeshi ilipofika kwetu, watu wake walikimbilia Sudani wote, na nyumba yake wameichoma. Nilipita pale, nikakuta majivu na mianzi ya kusukia. Sikupata hata nafasi ya kumuaga. Nasikia mnavyosema hapa nje baada ya ibada, kwamba wale wa Koboko, watu wa jeshi lile, wacha waone, wacha wafe huko porini. Mkisema hivyo mjue mnamsema na yeye, na mimi nitawajibu mbele ya watu. Mwombeeni. Kama yu hai, ana njaa leo.

Ndugu zangu, mtumainini Bwana! Lakini msimtumaini mkiwa mmefunga kinywa. Yeye anasikia moyoni, jirani yako hasikii. Kama kwako hakuna kitu, sema, na kama hodi imepigwa na mtu usiyemtarajia, mfungulie.

Sasa namaliza. Wabeba kapu mmekaa hapo mbele, mmevaa vizuri, makapu yako miguuni. Kila mtu anawatazama na kusema hao hawakosi. Mchungaji, nakuomba, kapu lisitoke kwenye mlango huu kabla hawa hawajaulizwa. Naanza na wewe, dada yangu uliyekaa ukingoni, wewe mwenye kitambaa cheupe, ambaye umetabasamu tangu nilipoanza kusema. Usimtazame mchungaji. Nitazame mimi.

Jana kwako mlipika nini?